Kengele ya wizi inayosikia sauti: ipi ununue kwa nyumba ya Lamu au Malindi

Msaidizi wa sauti, kama Alexa au Google, apewe kazi ya kuwasha ulinzi wa kengele tu. Kuuzima kuachiwe vidole: rimoti, vitufe vya ukutani au simu. Orodha hii tumeipanga kwa msingi huo, na sababu yake inaonekana katika mtaa wowote wa Mji wa Kale wa Lamu. Kichochoro ni chembamba na dirisha li wazi kwa joto. Ukitaja namba ya siri kwa sauti ukiwa dakani (barazani mlangoni), anayepita ameisikia. Na kama umeruhusu kuzima bila namba, mwizi akipaza sauti dirishani atatiiwa kama mwenye nyumba.

Jambo la pili ni lugha. Alexa na spika za Google hazipokei amri kwa Kiswahili, kwa hiyo amri utaitoa kwa Kiingereza. Jina la ulinzi wako, hata hivyo, unalichagua mwenyewe. Chagua neno ambalo mashine ya Kiingereza inalijua: "Simba" na "Safari" husikika vizuri, ilhali "Ulinzi wa Usiku" hugeuzwa kuwa maneno mengine kabisa.

1. Seti ya Wi-Fi yenye laini ya simu, inayotumia Smart Life

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Ni paneli ndogo ya ukutani yenye betri ndani, sensa za milango, sensa ya mwendo, rimoti mbili na king'ora. Hutumia mfumo wa Tuya, na programu yake, Smart Life, inaunganika na Alexa na Google. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni tundu la laini ya simu (SIM kadi): intaneti ikikatika, paneli itapiga king'ora na kukupigia simu wewe. Isiyo na tundu hilo usiinunue, hata ikiwa nusu bei.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue Smart Life sehemu ya matukio (Scenes) na akuonyeshe kama paneli hiyo inaweza kuamriwa kuwasha ulinzi kutoka huko. Baadhi ya seti hutuma taarifa tu na hazipokei amri. Hizo haziwezi kuunganishwa na sauti hata fundi afanye nini. Angalia pia betri za sensa. Zinazotumia AAA utazibadilisha kutoka duka lolote la mtaani. Zenye betri ndogo za volti 12 zitakusumbua, hasa visiwani.

Kuunganisha huenda hivi. Toa ulinzi wa PIN kwenye laini ukiwa umeitia katika simu ya kawaida, weka salio, kisha ihamishie kwenye paneli. Paneli nyingi husoma Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Kama ruta yako imechanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja, zima ile ya 5 mpaka umalize. Hapa ndipo wengi hukwama wakidhani paneli ni mbovu. Ikishaingia kwenye programu, tengeneza tukio la kubonyeza, lichagulie paneli, lipe kazi ya kuwasha ulinzi wa kukaa nyumbani, uliite "Simba". Tengeneza la pili la kutoka, "Safari". La kuzima usilitengeneze. Mwisho fungua programu ya Alexa, washa kiunganishi cha Smart Life, ingia kwa akaunti ile ile, utafute vifaa. Amri itakuwa "Alexa, turn on Simba".

Ulinzi wa kukaa nyumbani huiacha sensa ya mwendo imelala na kuamsha ya milango tu, kwa hiyo utaweza kwenda msalani usiku bila kuamsha mtaa. Wa kutoka upe muda wa sekunde 45 hadi 60. Mlango wa mabawa mawili wenye komeo haufungwi kwa sekunde kumi.

Udhaifu wake tuuseme wazi. Sensa nyingi za mawimbi ya redio ya 433 MHz hutuma bila kujibiwa, hivyo paneli haijui kama sensa imekufa. Fungua kila mlango mara moja kwa mwezi ulinzi ukiwa umewashwa. Rimoti nyingi nazo hutumia msimbo usiobadilika, na rimoti za kunakili zinazouzwa kwa ajili ya mageti zinaweza kuuiga. Iliyopotea ifutwe kwenye paneli siku hiyo hiyo.

2. Paneli ya waya uliyo nayo, ukiongeza rilei

Baadhi ya nyumba za kupangisha za Malindi tayari zina paneli ya waya. Usiing'oe. Paneli kama Paradox na DSC huruhusu zoni moja (njia moja ya waya wa sensa) kupangwa kuwa swichi ya ufunguo: saketi ikifungwa kwa muda mfupi, ulinzi huwaka. Nunua rilei ya Wi-Fi (swichi inayoendeshwa kwa mtandao) yenye mguso mkavu, yaani isiyotoa umeme wowote kwenye waya wa kutokea, mfano Sonoff MINI-D. Rilei ya kawaida ya taa itapeleka volti 240 kwenye zoni na kuichoma paneli.

Weka rilei ifunge kwa sekunde moja kisha ijiachie. Tumia kinza (rezista) cha mwisho wa waya kinachodaiwa na paneli yako: Paradox hutumia kilo-om 1, DSC kilo-om 5.6. Ukikosea, zoni itaonyesha hitilafu na ulinzi hautawaka. Mwambie fundi achague aina ya kuwasha tu kama paneli inayo, kwa sababu swichi ya kawaida huwasha na kuzima kwa mpigo ule ule, na neno moja la mtu aliye nje litafungua kila kitu. Kama paneli yako haina chaguo hilo, acha kabisa kuiunganisha na sauti.

3. Home Assistant, kwa anayetaka kusema Kiswahili

Home Assistant ni programu ya kuendesha vifaa vya nyumba kwa kompyuta yako mwenyewe. Hapa unaweza kuandika sentensi zako mwenyewe, "washa ulinzi wa usiku" au "funga nyumba", na usikilizaji ukafanyika ndani ya nyumba bila intaneti, kwa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Tunaipenda sana kwa hilo. Imeshuka nafasi ya tatu kwa sababu ya kazi: utahitaji kompyuta ndogo inayokaa macho mchana na usiku, na mtu wa kuitunza. Kompyuta ya bodi moja ya Raspberry Pi 4 huchukua takriban sekunde 8 kuelewa amri moja. Kompyuta ndogo ya Intel huchukua chini ya sekunde moja. Spika ya Home Assistant wenyewe, Voice Preview Edition, ilitoka Desemba 2024 kwa dola 59. Modeli ndogo za Whisper hukosea Kiswahili mara kwa mara, basi andika namna tatu nne za kila amri. Usihifadhi mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika mara kwa mara kadi hufa. Tumia diski ya SSD.

4. Aqara na Zigbee

Aqara ni chapa ya sensa zinazowasiliana kwa Zigbee, mawimbi ya redio ya vifaa vya nyumbani. Nzuri kwa fleti ya Malindi yenye kuta za bloku. Sensa ni ndogo na zinapendeza, lakini kitovu kama Hub M2 hakina laini ya simu wala betri. Umeme ukienda, ulinzi umeenda.

5. Seti iliyoletwa kutoka Marekani

Usinunue, hata ukiletewa na ndugu. Sensa za Z-Wave (aina nyingine ya mawimbi ya vifaa vya nyumbani) za huko hutumia 908.42 MHz na za Ulaya 868.42, hazisikilizani, kwa hiyo sensa ya ziada itabidi iagizwe huko huko.

Yanayoharibika huku pwani

Ukuta wa matumbawe na chokaa hula Wi-Fi. 433 MHz hupenya vizuri zaidi kuliko 2.4 GHz, ndiyo maana sensa ya darini inaweza kusikika na spika ya chumba kile kile isipate mtandao. Weka paneli ghorofa ya kati, karibu na ruta.

Mlango wa kuchonga usitobolewe. Bandika sensa juu, upande wa ndani, kwenye bawa moja na sumaku kwenye bawa la pili. Likifunguka lolote, vinaachana. Pengo lisizidi milimita 15, maana mbao huvimba kwa unyevu. Gundi ya kwenye boksi huachia kwa joto, kwa hiyo futa vumbi na mafuta kwanza kwa spiriti.

Sensa ya mwendo ikae kimo cha mita 2.1 hivi, isielekee kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) wala dirisha. Maandishi kwamba haishtuliwi na wanyama yanahusu mnyama aliye sakafuni. Paka aliyepanda kabatini, au mjusi anayetembea juu ya kioo cha sensa, ataipiga. Miezi ya joto kali masafa yake hupungua, kwa sababu inapima tofauti ya joto la mwili na la chumba.

Ruta ipewe betri yake. Ile iliyoandikwa 8800 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa (Wh) 32. Ruta ya wati 8 itakaa kama saa tatu na nusu, kwa kuwa sehemu ya chaji hupotea njiani. Tokeni zikiisha ukiwa safarini, utabaki na laini ya simu peke yake.

Wa Lamu, fungueni boksi na kulijaribu kabla halijavuka kutoka gati la Mokowe. Chomoeni ruta, washeni ulinzi kwa rimoti, tenganisheni sensa na sumaku. King'ora kisipolia na simu isipoita, lirudisheni dukani siku hiyo hiyo.