Nyuzi bapa za La Bella kwa mpiga besi wa dansi

Nitoe hukumu mapema. Kama unapiga dansi, rumba au zilipendwa, na gitaa lako la besi ni Precision ya Fender au nakala yake, seti ya nyuzi za La Bella 760FS ndiyo matumizi bora ya pesa yako kabla hujawaza kubadilisha gitaa, pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) au amplifaya. Kama riziki yako iko kwenye kuchapa nyuzi kwa dole gumba, au kwenye injili ya kisasa yenye madoido mengi kule juu kwenye uzi wa G, hizi si nyuzi zako.

Mimi napiga besi kwenye bendi ya ukumbini hapa Dar es Salaam, na harusi zikija tunakwenda. Gitaa langu ni Squier Classic Vibe Precision, ile ya mtindo wa miaka ya 60. Ni gitaa zuri kwa bei yake, lakini nyuzi ilizokuja nazo zilikuwa na mlio mkali wa chuma ambao kwenye bendi yenye magitaa mengi haukunisaidia kitu.

Nyuzi nyingi za besi madukani zimezungushiwa waya wa mviringo. Pitisha ukucha juu yake utasikia zinakwaruza. Hizi 760FS zimezungushiwa utepe bapa wa chuma cha pua, kwa hiyo kidole kinateleza bila sauti. Unene wake ni inchi 0.045, 0.065, 0.085 na 0.105. La Bella wanazitengenezea Newburgh, jimbo la New York, na jina walilozipa ni Deep Talkin' Bass. Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la Precision mwaka 1951, nyuzi bapa ndizo zilikuwa za kawaida. Za mviringo zilishika kasi katikati ya miaka ya 60, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipofanya kazi na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya rock ya The Who, mtu aliyetaka besi yake ing'ae kama piano. Rock ilifuata huko, na dunia nzima ikafuata rock.

Sasa sauti. Piga E wazi kwenye nyuzi hizi, karibu na mwisho wa shingo, kwa nyama ya kidole na si ncha. Noti inatua kama mchi kwenye kinu chenye mpunga: nzito, fupi, imeshiba. Halafu inaondoka. Haiachi mkia wa kengele nyuma yake. Kwenye chumba, ukiwa peke yako, unaweza kudhani kuna kitu kimepungua. Usihukumu ukiwa chumbani. Subiri bendi nzima iingie.

Hapo ndipo penye utamu wote. Dansi letu lina solo, lina second solo, lina ridhim, na juu yake tarumbeta na saksafoni. Magitaa matatu yanagombea nafasi ileile ya katikati na juu. Besi yenye mng'aro inaingia kwenye ugomvi huo, mpiga ridhim anaongeza sauti ili ajisikie, mpiga solo naye anaongeza, na kabla ya chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, kuanza jukwaa zima linapiga kelele. Nilipofunga nyuzi bapa mpiga ridhim wetu alipunguza sauti mwenyewe, bila kuambiwa. Mpiga ngoma akaniambia sasa analisikia besidramu lake na mimi kwa pamoja, kitu kimoja.

Sikiliza rekodi ambazo Mlimani Park walifanya Radio Tanzania baada ya bendi kuanzishwa mwaka 1978. Sikiliza Suleiman Mwanyiro, aliyeitwa Computer, anavyoliacha pengo halafu analijaza pale usipotegemea. Vuka mpaka uende Nairobi, kwa Les Wanyika, umsikilize Tom Malanga. Besi yake inaongea, inanyamaza, inarudi na jibu, na unaweza kuiimba tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuhitaji maneno. Au Decca Mpudi akiwa na TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo. Wote hao wanaishi kwenye ukimya ulioko kati ya noti na noti. Ukimya huo unahitaji noti inayokufa kwa wakati. Ukitumia nyuzi za mviringo mpya unalazimika kuziua kwa kiganja kila mara, na mkono unachoka kabla ya saa saba usiku. Nyuzi bapa zinakufanyia nusu ya kazi hiyo.

Mtu anayetajwa kila nyuzi hizi zinapozungumzwa ni James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, Detroit. Alipiga Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa za La Bella, nene kuliko hizi zangu, kwa kidole kimoja tu cha shahada, na hakubadilisha uzi mpaka ukatike. La Bella bado wanauza seti yenye unene ule, kuanzia 0.052 hadi 0.110. Niliwahi kuishika kwenye gitaa la rafiki. Sauti ni ya kutisha kwa uzuri, lakini mvuto wake ni mkubwa mno, na kwa usiku mzima wa dansi mimi siishauri. 760FS inakupa sehemu kubwa ya utamu ule na vidole vyako vinabaki salama.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawaligusi. Dar ni joto, jasho na chumvi ya bahari. Kwenye nyuzi za mviringo, jasho na uchafu wa vidole vinajikusanya kwenye mifereji iliyoko kati ya mzunguko na mzunguko, na mng'aro unakufa haraka. Utazichemsha, utazisafisha kwa spiriti, zitaamka kidogo, zitakufa tena. Utepe bapa hauna mifereji hiyo, na kwa kuwa nyuzi hizi hazikuanza na mng'aro mkubwa, hakuna cha kulilia zikizeeka. Zangu nazipangusa kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga, basi. Kila mwezi unaopita naziona zinazidi kuwa tamu. Seti inazidi dola 40, karibu mara mbili ya seti nzuri ya kawaida, lakini ukipiga hesabu ya mwaka mzima utaona nani anatumia pesa nyingi.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni ugumu. Nyuzi hizi zinavuta shingo kuliko nilizozoea, kwa hiyo ikaze kidogo fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko, acha gitaa lipumzike usiku kucha, kisha upime tena. Kama huna uhakika mpelekee fundi. Ya pili ni kumbi zenye spika ndogo. Besi yenye nyuzi bapa inaweza kumezwa kabisa, na mwenye mixa ataongeza besi ya chini mpaka kuta zitetemeke na bado noti zisisikike. Mwambie afanye kinyume: apunguze kilichoko chini ya Hz 60, aongeze kidogo kati ya 700 na 800. Noti zitatoka mbele na sura zao. Ya tatu, upatikanaji. Kariakoo mimi sijawahi kuzikuta, nyingi ni za mviringo. Agiza, au mwombe ndugu anayerudi safari, na hakikisha seti ni ya gitaa lenye inchi 34 kutoka juu ya shingo hadi daraja.

Wapo washindani. D'Addario Chromes ni bapa lakini zinang'aa zaidi zikiwa mpya, na kwa anayechanganya dansi na muziki wa kisasa zinaweza kuwa njia ya kati. Thomastik za Austria ni laini sana kwenye vidole na zina sauti ya kuimba, nzuri mno kwa jazi, lakini mimi napiga kwa nguvu na uzi uliolegea unaruka chini ya kidole changu. Bei yake pia iko juu. Na asikudanganye mtu kwamba bapa ni za wazee: Steve Harris wa Iron Maiden, bendi ya rock nzito, anapiga bapa, na hakuna anayemwita mpole.

Kwa nini nasisitiza Precision? Pikapu yake, tangu mwaka 1957, imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme. Sisi tunaopiga kwa jenereta, kwenye majengo ambayo waya wa ardhi ni wa kuombea dua, tunajua thamani ya jambo hilo. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, nayo inanyamaza ukifungua volyumu za pikapu zake zote mbili sawasawa, ila ukishusha moja mvumo unarudi. Mpangilio wangu ni huu: nyuzi bapa kwenye pikapu hii, kitufe cha toni nusu, na kipande chembamba cha sponji la godoro kimebanwa chini ya nyuzi karibu na daraja. Kisigusane na nyuzi kwa nguvu. Kikikaza sana noti inageuka kuwa kishindo kisicho na jina, na ukipiga A hakuna atakayejua kama ni A. Mimi nakipunguza kwa wembe kidogo kidogo mpaka nisikie noti ikikaa kwa mapigo mawili hivi, halafu izime.

Wakati wa kufunga, usikate uzi kabla ya kuukunja. Vuta uzi mpaka kwenye kigingi chake, ukunje kona kali, kisha kata mbele ya kona hiyo. Ukikata ukiwa umenyooka utepe unalegea kwenye kiini na uzi mzima unakufa siku hiyohiyo. Acha mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, anza na E, na usiusogeze ule wa G mpaka hizo tatu zimefika kwenye noti zake.