TAHADHARI: Ile picha ya "mteja wa Mombasa ameridhika" ni sebule yetu, na sikuridhika

Jamani naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mnisamehe nikirukaruka. Kuna tangazo linazunguka sasa hivi Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, "kompyuta ya kurekodi TV, iko tayari, chomeka aeriali tu utazame", bei 27,500, na chini yake kuna picha ya skrini inaonyesha taarifa ya habari, nyuma kuna pazia la kijani la maua, imeandikwa mteja wa Mombasa ameridhika. Hilo pazia ni la mamangu. Picha hiyo mimi mwenyewe ndo nilimtumia huyo jamaa siku namlalamikia, akaikata maneno yangu ya juu akaifanya tangazo. Wallahi sijawahi kuona ujasiri kama huo.

Jina la duka sitaji, na wala halingewasaidia, manake mimi niliponunua lilikuwa jina lingine na logo nyingine. Ukitafuta jina utamkosa. Jueni mtindo wake.

Mamangu anauza viazi karai na bajia nje hapo jioni, na wateja wanashika kasi kuanzia maghribi mpaka saa tatu hivi, sasa taarifa ya Kiswahili ni saa moja na tamthilia zake ziko hapo hapo, kwa hivyo kila siku ni mimi kuulizwa leo kumetokea nini. Nikasema wacha nimtafutie kompyuta inayorekodi yenyewe, akimaliza kuosha karai lake anakaa anatazama kwa raha zake. Dekoda zenye tundu la USB zinarekodi, najua, lakini yetu ukibadilisha chaneli tu rekodi imekatika. Kompyuta ina uzuri wake mwingine, tyuna moja (kile kifaa kinachoshika chaneli) inaweza kurekodi chaneli kadhaa kwa mpigo bora ziwe kwenye masafa mamoja, manake inashika kifurushi kizima cha chaneli halafu programu ndo inachambua. Hapo ndo nilipotekwa.

Alichoniuzia: desktop ya ex-UK (mtumba wa Uingereza) Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB, "kadi ya TV ya DVB-T2" (huo ndo mtindo wa matangazo ya dijitali ya hapa kwetu) ya kuchomeka USB, na "SSD ya nje 2TB", yaani diski ya kuwekea rekodi. Waranti siku 14. Nikatuma pesa M-Pesa kwa namba ya mtu, si till (namba ya biashara), na jina lililotokea kwenye meseji halikufanana hata kidogo na jina la yule ninayezungumza naye, nikajiambia labda ni la mkewe. Mtu akishataka kitu anajitafutia sababu mwenyewe. Mzigo ukaja na basi la usiku kutoka Nairobi umefungwa vizuri kweli. Na desktop yenyewe, nisimsingizie, nzima mpaka leo, ndo maana ukiiwasha siku ya kwanza unamwombea dua.

Balaa lilianza kwenye kutafuta chaneli. Nimeweka Linux Mint badala ya Windows, na Tvheadend, programu ya kutazama na kurekodi TV, nikaskani, sifuri. Nikaskani tena, sifuri. Nikampigia akaniambia "bosi wangu hiyo ni aeriali, Mombasa signo ni ngumu". Mimi kwa ujinga wangu nikaenda nikanunua aeriali mpya na busta, 2,800 zikaenda, nikapanda juu ya mabati na jua lile la saa saba. Sifuri. Na dekoda ya mama kwenye waya ule ule inashika chaneli zote! Hapo kichwa kikaanza kufanya kazi. Nikaandika lsusb, amri ya kuonyesha vilivyochomekwa USB, ikanitolea 0bda:2838 Realtek, nikaenda kusoma, kumbe hiyo chipu ni ya DVB-T ya kwanza, si T2. Nikaichomoa nikaiangalia vizuri. Juu ilikuwa na stika nyeupe imeandikwa DVB-T2 HD, pembeni imenyanyuka kidogo, nikaingiza ukucha nikaibandua polepole, chini yake kwenye plastiki imepigwa chapa ya kiwandani kabisa: DVB-T+DAB+FM. Mtu alikaa akaprinti stika, akazikata na makasi, akabandika moja moja.

Kwa asiyejua, Kenya majaribio ya dijitali yalianza na DVB-T mwaka 2009, halafu nchi ikahamia DVB-T2, na analogi ikazimwa 2015, mnakumbuka zile wiki za Februari na Machi Citizen, NTV na KTN zilipopotea watu wakabaki kutazamana. Tyuna ya T2 inashika T pia, lakini ya T haishiki T2 hata uisomee dua. Kwa hivyo hizo dongo (vidude vya kuchomeka USB) za T hapa kwetu kwa TV ni takataka, japo wanaocheza na redio wanazipenda sana, na ndo maana zimejaa na bei yake ni ya chini.

Nilipomwambia akakana, akasema nimebadilisha mimi. Nikachoka, nikaenda kwa fundi mmoja mtaani kwetu akaniuzia ya T2 ya kweli kwa 3,200, tena akaichomeka mbele yangu ikashika chaneli ndo nikalipa. Nikapiga ile picha nikamtumia yule jamaa, juu nimeandika "unaona, haikuwa aeriali, ilikuwa dongo yako". Hiyo ndo picha yenyewe.

Sasa nilidhani yamekwisha. Mama akafurahi, wiki mbili na kitu anatazama taarifa yake saa tatu na nusu na chai yake, anamjibu mtangazaji kama kawaida. Halafu usiku mmoja ananiita, "Mwanangu, hiki kidude chako kinanionyesha jina la taarifa, taarifa yenyewe hakina." Nikatazama, faili iko, ukubwa wake sawa sawa, ukiifungua giza. Ya jana yake giza. Halafu nikajaribu za zamani zilizokuwa nzima, nazo zimeanza kuchanganyika, mtangazaji anakatika miraba miraba.

Nikaifungua ile "SSD". Hakuna hata skrubu, ni kasha la plastiki limebanwa tu, nikalitia kisu. Ndani kuna kibao kidogo cha kijani kama cha kadirida (kisoma memori kadi), kimechomekwa memori kadi ya simu ya GB 64, gundi moto imemwagwa juu yake, na pembeni nati mbili za chuma zimegandishwa ili kitu kiwe na uzito mkononi. Nati mbili jamani. Kile kibao kimefundishwa kuidanganya kompyuta kuwa ni 2TB, nafasi ikiisha kinaendelea kupokea faili kama kawaida, kinaandika juu ya zile za mwanzo au kinatupa tu, wala hakikwambii.

Sasa pigeni hesabu nami. Saa moja ya chaneli ya kawaida kwetu inakula kama GB 1. Tulikuwa tunarekodi saa tatu kila jioni. Kadi ya 64 inajaa kwa siku ishirini hivi. Waranti yake siku ngapi? 14. Huyu si mtu aliyekosea mzigo. Nilipompigia akaniuliza kwanza kabisa, kabla hata ya shida ni nini, "ulinunua tarehe ngapi?" nikamtajia, akasema waranti imekwisha bosi, pia uliformati vibaya, halafu akanibloku. Nikatumia simu ya dadangu, akapokea kwa sauti tamu, kunisikia tu akakata.

Kwa hivyo kama unataka kujiundia hii kitu, nunua desktop peke yake dukani unapoweza kurudi na miguu yako, na tyuna usilipe mpaka uione imeshika chaneli kwenye aeriali, video ya WhatsApp haihesabiki, ile aliyonitumia mimi nikiitazama sasa naona kabisa ni YouTube imejazwa skrini nzima. Stika yoyote kwenye dongo ibandue. Diski hata iwe na boksi la kung'aa, kabla hujaweka kitu chako ipime yote mpaka mwisho, Windows kuna H2testw, Linux kuna F3, zote za bure, zinaandika diski nzima halafu zinasoma tena. Kwa 2TB itakula saa nyingi, iwache usiku kucha, na ufanye ndani ya waranti. Mimi sasa nimetia hard disk ya kawaida ya 1TB, mtumba, nimeipima hivyo hivyo kabla ya kulipa na muuzaji akanikasirikia, akakasirika tu.

Polisi nimeenda, nimepewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nimepeleka meseji za M-Pesa na hizo nati mbili kwenye mfuko wa nailoni. Afisa alizigeuzageuza akacheka, halafu akaniambia shemeji yake ameagiza hiyo hiyo 2TB wiki iliyopita. Kama wewe pia umeuziwa na mtu wa tangazo la pazia la kijani, nenda kaandikishe yako kituo cha karibu ukiwa na meseji ya malipo, nimeambiwa malalamiko yakiwa mengi kwa namba moja ndo wanasogea.

Na mama anasema lile pazia analitoa, hataki tena kuliona.