Uzoefu wangu na draiva ya bei nafuu: Cleveland Launcher HB katika uwanja wa gofu wa Lugalo

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikianzia mashimo marefu kwa draiva, yaani fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali, aina ya Cleveland Launcher HB yenye mwinamo wa uso wa nyuzi 10.5 na mpini wa ugumu wa kawaida, na kwa kuwa wachezaji wenzangu wa hendikapu kubwa (namba ya kupimia kiwango, ambayo huwa kubwa kadiri mchezaji alivyo dhaifu) huniuliza mara kwa mara kama fedha yangu haikupotea, nimeona niandike nilichokiona. Mimi ni mwalimu wa sekondari, hendikapu yangu ni 22, na hucheza Jumamosi asubuhi pale Lugalo, Dar es Salaam.

Fimbo hii ilitoka mwaka 2017 kwa bei ya dola 299.99 za Marekani, wakati draiva za daraja la juu za kampuni kubwa ziliuzwa karibu na dola 500. Mimi niliinunua ikiwa imetumika, kwa shilingi 320,000, kutoka kwa mchezaji aliyekuwa akibadilisha fimbo zake. Kabla ya hapo nilikwisha kuumia, kwani niliagiza mtandaoni draiva iliyodaiwa kuwa mpya na halisi, ikanifikia kichwa kikiwa kinacheza kwenye mpini, na rangi yake ikabanduka ndani ya wiki mbili. Safari hii sikutoa hata shilingi moja kabla ya kuishika fimbo mwenyewe, kuitikisa karibu na sikio, kuikagua namba iliyochongwa shingoni na kupiga mipira 30 ya mazoezi. Ninamsihi kila anayetafuta fimbo ya bei nafuu afanye vivyo hivyo, hata kama muuzaji anamharakisha.

Sifa inayotajwa sana kuhusu draiva za namna hii ni kwamba zinasamehe makosa, na inafaa kueleza msamaha huo unatoka wapi. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zinakomesha ukubwa wa kichwa cha draiva kwenye sentimita za ujazo 460, na kichwa hiki kimefika hapo. Hata hivyo ukubwa peke yake hautoshi, kwa sababu jambo la msingi ni mahali uzito ulipowekwa. Utosi wa Launcher HB umeshuka kama ngazi nyuma tu ya uso wake, hivyo uzito umekaa chini na nyuma, mpira huinuka kwa urahisi, na hata ukiugonga kwa ncha au kwa kisigino badala ya katikati, kichwa hakijipindui sana. Shingo imegundishwa moja kwa moja, hakuna skrubu ya kubadili nyuzi. Anayependa kurekebisha fimbo yake kila wiki atafute nyingine. Kwangu mimi, ambaye ningeishia kulaumu skrubu badala ya mikono yangu, hilo lilikuwa jema.

Ili nisijidanganye, nilichukua kalamu ya ubao mweupe, nikaupaka uso wa fimbo wino wa bluu, nikapiga mipira kumi. Kila mpira hufuta wino pale ulipogusa. Nilipoigeuza fimbo nikakuta madoa saba yamesogea upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, mawili yamekaribia katikati na moja limekwenda juu kabisa karibu na utosi. Kwa draiva yangu ya zamani, madoa saba yale yangekuwa mipira saba inayokata kulia hadi vichakani. Kwa hii ilikata pia, maana swingi yangu, yaani namna ninavyoizungusha fimbo, ni ileile, lakini mitano kati ya hiyo ilibaki mahali ambapo ningeweza kuicheza. Kedi wangu, kijana mwenye jicho kali anayenibebea fimbo, aliutazama mmoja ukitua kwenye ukingo wa fewei, ile njia ya nyasi fupi iendayo shimoni, akasema, “Mwalimu, kwa fimbo ile ya zamani huu tungekuwa tunautafuta majanini.”

Daftari langu linasema hivyohivyo. Katika raundi sita za mwisho na fimbo ya zamani nilipoteza mipira 13 kwa draiva. Katika raundi sita za kwanza na hii nilipoteza mitano. Mipira iliyotua kwenye fewei iliongezeka kidogo tu, kutoka 29 hadi 34. Sikuongeza umbali wa kujivunia, na mikwaju yangu mizuri kabisa haiendi mbali zaidi ya ile ya zamani. Faida yote imo katika mikwaju mibaya, na kwa mchezaji wa kiwango changu mikwaju mibaya ndiyo mingi. Mpira uliopotea unakugharimu mkwaju wa adhabu na kurudi kupiga tena pale ulipotoka, mbali na bei ya mpira wenyewe. Kwa hiyo unapoijaribu draiva kabla ya kuinunua, usihesabu ule mpira mmoja ulioruka vizuri kuliko yote. Hesabu mibaya, uone imeangukia wapi.

Kuhusu umbali nina angalizo moja. Mwenzangu aliijaribu Arusha akarudi akiisifu mno, lakini kule ni mwinuko wa takribani mita 1,400, hewa ni nyepesi na mpira wowote huruka zaidi kuliko huku pwani. Nyuzi 10.5 zilinifaa hasa wakati wa masika, ardhi ilipolowa na mpira ukawa haubiringiki, kwa sababu karibu umbali wote hupatikana angani.

Kilichonisumbua kidogo ni mkao wa utosi ule wenye ngazi, ambao ulichukua raundi mbili kuzoeleka machoni, na mshikio uliochakaa kwa matumizi ya mwenyewe wa awali, ambao nilibadilisha kwa sababu raba laini iliyolika haistahimili jasho la Dar es Salaam. Upepo wa kusi unapovuma usoni mwangu, mpira huu wa juu hupanda, ukasimama, ukadondoka karibu. Siku hizo huiacha draiva kwenye mfuko na kuanza kwa fimbo namba tatu.