Kuchaji Bajaji kwa Jua Ipogolo: Tathmini ya Huduma na ya Pendekezo la Shamba la Sola

Bajaji ya umeme ninayoimiliki huendeshwa na mpwa wangu hapa Iringa mjini, kati ya Ipogolo, Miyomboni na Kihesa, na tangu tuinunue tumekuwa tukiichaji katika kituo kidogo cha sola kilichopo bondeni Ipogolo, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mbeya. Uongozi wa kituo hicho umewagawia watumiaji pendekezo la kujenga shamba la sola la kilowati 100, litakalomilikiwa na wananchi kwa njia ya hisa, na kuweka humo soketi za kuchajia bajaji, pikipiki na hata magari madogo. Kabla mtu hajatoa fedha yake ni haki aelewe huduma iliyopo inafanyaje kazi, inafaulu wapi na inakwama wapi.

Kituo chenyewe ni banda ambalo paa lake ni paneli 20 za wati 550 kila moja, zilizoelekezwa kaskazini kwa mwinuko mdogo unaotosha maji ya mvua kuteremka na vumbi. Chini yake madereva hupaki, huketi kwenye benchi na kula chakula cha mchana wakati betri inajaa. Jambo lililonivutia tangu mwanzo ni uwazi wa kipimo. Kila soketi ina mita yake ndogo. Mhudumu huisoma mbele ya dereva, huandika namba ya kuanzia katika daftari, huchomeka chaja, kisha hutundika waya kwenye ndoano ili usiguse sakafu yenye maji. Dereva anapoondoka mita husomwa tena mbele yake, namba huandikwa, na dereva hutia saini pembeni ya kiasi alicholipa. Kwa sisi wenye vyombo tunaosubiri hesabu jioni, daftari lile limeondoa ubishi mwingi.

Bei ni shilingi 500 kwa uniti, saa zote. Bajaji yetu ikizunguka kilometa 30 za mjini hutumia uniti mbili hadi mbili na nusu, yaani shilingi 1,000 hadi 1,250. Bajaji ya petroli kwa umbali huo hula takribani lita moja, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 3,000, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti, EWURA, inapotangaza bei kikomo, Iringa hujikuta juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta husafirishwa kwa lori hadi huku juu ya mlima Kitonga. Nafuu hiyo ni ya kweli, na inaonekana mwisho wa wiki.

Hata hivyo lazima niseme kwamba bei ya kituo ni kubwa kuliko ya nyumbani. Uniti ya Tanesco kwa mteja wa kawaida ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika takribani 356. Wapo wanaodhani watachaji kwa shilingi 100 ya kundi la matumizi madogo, lakini kundi hilo lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na bajaji inayotumia uniti sita kwa siku humaliza kiwango hicho kabla mwezi haujafika nusu. Wanaokwenda kituoni wana sababu nyingine: wengi wamepanga chumba kimoja, mita ya LUKU ni ya nyumba nzima, hakuna mahali salama pa kulaza chombo, na hakuna mwenye nyumba anayefurahia waya uliopitishwa dirishani usiku kucha. Kituo kinawapa wanachokosa, na kinastahili malipo kwa hilo. Lakini tofauti ya karibu shilingi 150 kwa kila uniti, katika umeme ambao sehemu yake inatoka juani, inahitaji maelezo ambayo uongozi haujayatoa.

Mahali kilipo kituo ni chaguo la busara kuliko linavyoonekana. Kutoka Ipogolo kwenda mjini ni mlima, na mlima unakula betri. Bajaji yenye abiria na mizigo, jumla kilo 700 hivi, ikipanda mita 100 za kimo hutumia karibu asilimia 19 ya uniti kwa kazi ya kupanda tu, na ukiongeza upotevu wa mota na msuguano wa barabara unakaribia robo ya uniti. Dereva anayeanza mlima akiwa amejaza betri anafika Miyomboni bila wasiwasi, ilhali anayeteremka hutumia kidogo sana, na vyombo ambavyo mota zake hugeuka jenereta wakati wa kushuka hurudisha sehemu ya umeme huo kwenye betri. Kituo kingewekwa Gangilonga, huko juu mjini, wengi wangekuwa wanakipandia na betri iliyokwisha.

Sasa nije kwenye udhaifu, ambao ndio unaolipatia pendekezo la shamba uzito wake. Paneli 20 ni kilowati 11, na kwa jua letu la kiangazi zinatoa kama uniti 50 kwa siku, kiasi cha kujaza bajaji nane. Bajaji zinazofika ni nyingi kuliko hizo, na mbaya zaidi zinafika katika saa zisizofaa. Asubuhi madereva wanapeleka wanafunzi na wafanyakazi; jioni, kuanzia saa kumi, wanawarudisha, na baada ya hapo ndipo foleni hujaa kituoni, wakati jua linaelekea kuzama na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, imeshahamia Tanesco. Kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, paneli zinapotoa umeme wao wote, soketi nyingi huwa tupu, kwa kuwa hakuna kinachomvuta dereva aache kijiwe na ateremke Ipogolo. Masika yaliyopita umeme wa gridi ulikatika jioni moja yenye mawingu, bajaji yetu ikiwa foleni, na mpwa wangu alisubiri hadi usiku bila mtu yeyote kumweleza kwamba betri za kituo zilikuwa tayari zimekwisha. Kubandika ubao unaoonyesha uniti zilizobaki ni jambo dogo, na ningependa lifanyike hata kabla ya shamba.

Dawa ya tatizo la saa ni bei. Uniti ya saa sita mchana ingeuzwa shilingi 350 na ya saa moja usiku 600, dereva angejua mwenyewe pa kula chakula chake cha mchana. Mchana biashara ya bajaji hupungua kwa kawaida, na saa mbili za kuchaji katika kipindi hicho hazimpunguzii dereva kipato kikubwa. Pendekezo la uongozi linazungumzia ukubwa wa paneli kwa kurasa kadhaa na halisemi neno juu ya bei za saa tofauti. Bila hizo, kilowati 100 zitakuwa na tatizo lilelile kwa ukubwa mara tisa: umeme mwingi mchana usio na mnunuzi, na foleni jioni inayolipiwa gridi.

Kuhusu shamba lenyewe, hesabu za msingi ziko sawa. Kilowati 100 ni paneli 182 za aina tuliyonayo, ambazo kwa eneo la paneli zenyewe hazifiki mita za mraba 500, hivyo ekari moja inayotajwa inatosha pamoja na nafasi za kupita, kivuli cha safu na maegesho. Uniti 450 kwa siku ya jua zinajaza bajaji zaidi ya 70. Hali ya hewa yetu inasaidia pia: paneli hupoteza karibu theluthi moja ya asilimia ya nguvu kwa kila nyuzi joto moja inapopata moto kupita 25, kwa hiyo baridi ya Juni na Julai, inayotufanya tuvae makoti, ni neema kwa sola. Vumbi la Agosti hadi Oktoba ndilo adui, na lazima bajeti iwe na maji na mtu wa kuosha.

Njia ya kuuza ziada ipo kisheria. Kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu mwenye mtambo mdogo kuingiza umeme uliozidi kwenye gridi na kuhesabiwa uniti hizo dhidi ya anazochukua. Kwa kituo ambacho kina ziada mchana na upungufu usiku, utaratibu huo una thamani kuliko benki kubwa ya betri, na nashangaa kwamba pendekezo limeutaja kwa sentensi moja. Hilo lilipaswa kuwa moyo wake.

Kwa wanaouliza kama wananchi wa kawaida wanaweza kumiliki umeme, jibu lipo Ludewa. Mtambo wa maji wa Mawengi, wa kilowati 300, unaendeshwa na jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA, na vijiji vinavyoutumia ndivyo vyenye sauti katika uendeshaji wake. Maji hutiririka usiku na mchana, jua halifanyi hivyo, kwa hiyo ufundi haufanani. Kinachofaa kuigwa ni kwamba anayelipa uniti anakaa pia kwenye kikao kinachoweka bei. Rasimu tuliyopewa inampa mwenye hisa gawio la mwaka, lakini haimpi kura katika bei. Ningetaka kifungu hicho kirekebishwe kabla sijaweka sahihi, na wasajiliwe kama chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013 ili hesabu zikaguliwe.

Kifungu cha pili ninachokidai ni mfuko wa inveta. Paneli njema hupewa dhamana ya miaka 25, inveta mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi hivi, na gawio likilipwa lote kila mwaka, siku hiyo itakuta sanduku tupu.

Nikiulizwa leo, huduma iliyopo ninaipa nyota nne kati ya tano: nyota moja nimeizuia kwa ajili ya foleni ya jioni na ukosefu wa taarifa. Anayetaka kuijaribu afike kati ya saa tano na saa nane mchana, aje na chaja yake mwenyewe kwa kuwa za kituo ni chache, na asome mita pamoja na mhudumu kabla ya waya kuchomekwa. Rasimu ya pendekezo ipo mezani kwa mhudumu, na maoni yanapokelewa kwa maandishi.