Uzoefu wangu na Impact Sport: kinga ya masikio ya elektroniki kwa walenga shabaha, na joto la Mombasa

Impact Sport ya Howard Leight, chapa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Honeywell, naipendekeza kwa mtu anayelenga shabaha uwanja wa wazi kwa bunduki ya .22 (yenye risasi ndogo) au bastola. Kwa bastola sharti moja: chini yake vaa vizibo vya sponji vya kuingiza ndani ya sikio. Ikiwa peke yake, kwa bastola ya 9mm naiona haitoshi, na sababu iko kwenye hesabu.

Mlio wa bunduki ndefu ya .22 hufika karibu desibeli 140 kwenye kilele chake. Bastola ya 9mm hukaribia 160. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wa afya kazini kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140, kwa maana kwamba juu ya hapo mlio mmoja tu unaweza kuumiza sikio lisirudi tena. Impact Sport imepewa NRR ya 22, na NRR ndicho kipimo cha Kimarekani cha kiasi cha sauti kinachozuiwa. Toa 22 kwenye 160, unabaki na 138. Hiyo ni nafuu ya desibeli mbili, tena ya kwenye karatasi, maana NRR hupimwa maabara, kwa kelele ya mfululizo, na kifaa kikiwa kimevalishwa vizuri. Uwanjani mtu ana miwani, jasho na kofia, na zile desibeli mbili huondoka kabla risasi ya kwanza haijatoka.

Sehemu ya elektroniki haizuii mlio wa bunduki. Kinachozuia ni kikombe cha plastiki, sponji iliyo ndani yake, na mto unaokaza ngozi kuzunguka sikio. Maikrofoni mbili za nje huokota sauti ndogo, kama maneno ya msimamizi, hatua za mtu nyuma yako au ganda kuanguka sakafuni, na kuzikuza ndani ya spika. Sauti inayotoka kwenye spika imewekewa kikomo cha desibeli 82. Kwa hivyo betri zikiisha katikati ya mazoezi, kinga iko palepale. Unachopoteza ni kusikia tu. Na mto ukipasuka, hata elektroniki iwe ya bei gani, kinga imeondoka. Ndiyo maana nikishika kifaa kipya nabonyeza mto kwanza, swichi baadaye.

Tofauti ya elektroniki nzuri na ya ovyo utaijua kwa makofi. Washa, pandisha sauti, mwambie mwenzako aendelee kuongea huku wewe ukipiga makofi kwa nguvu. Kifaa kizuri hubana sauti kubwa na kuacha maneno yaendelee. Cha ovyo hukata kila kitu kwa nusu sekunde au zaidi, halafu sauti hurudi kwa kishindo. Kwenye mstari wa watu sita wanaofyatua kwa zamu, kifaa cha namna hiyo kitakuacha kiziwi muda mwingi, na amri ya kusimama inaweza kupita usiisikie. Kwa Impact Sport, kila upande una maikrofoni yake, kwa hiyo unajua anayekuita yuko kulia au kushoto.

Sasa vizibo. Chagua vya sponji laini vyenye NRR ya 29 hadi 33. Mombasa vitafute kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, kwa sababu wafanyakazi wa viwandani huvitumia. Wengi huvivaa vibaya. Nawa mikono, kisha kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia ya sikio inyooke, kiingize upesi, halafu kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kitutumke. Kikikaa sawa, mtu akikutazama kwa mbele hakioni. Kikiwa kimechomoza nusu nje, kitoe uanze upya.

Vizibo vya 33 na vikombe vya 22 havitoi 55. Kanuni inayotumika ni kuchukua kile chenye namba kubwa na kuongeza 5, yaani kama 38. Zaidi ya hapo haiendi mbali, kwa sababu mlio hupitia kwenye mifupa ya kichwa. Hata hivyo, 38 inaishusha ile 160 ya bastola mpaka karibu 122, na hapo kuna nafasi ya makosa. Na hapa ndipo elektroniki inapolipia bei yake. Ukivaa vizibo chini ya vikombe vya kawaida husikii mtu. Ukivaa chini ya hivi, unapandisha sauti tu na mazungumzo yanarudi. Ukilenga chini ya paa au ndani ya kuta, au ukiwa jirani na bunduki yenye kizuizi cha mtikiso kwenye mdomo wa mtutu, kinga mbili ni lazima hata kama wewe mwenyewe una .22.

Kuhusu mto kukaza ngozi, huku kwetu kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni miwani. Mikono minene ya miwani hufungua mwanya mbele na nyuma ya sikio, kwa hiyo tafuta miwani ya kinga yenye mikono myembamba, bapa. La pili ni kitambaa. Hijabu au kofia ya kitambaa ikipita chini ya mto, sauti inapita nayo. Kwa akina dada wanaojistiri, njia inayofaa ni kuvaa vikombe moja kwa moja kwenye ngozi, upinde unaounganisha vikombe ukipita nyuma ya shingo kwa aina zenye upinde wa hivyo, kisha mtandio unakuja juu, ukiacha maikrofoni wazi. Kama haiwezekani, vizibo ndivyo vibebe kazi yote, na vivaliwe kwa makini mara mbili. La tatu ni nywele za misuko na hereni: misuko irudishwe nyuma ya sikio, hereni zivuliwe.

Vikombe vya Impact Sport ni vyembamba, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye bunduki ndefu. Kikombe kinene hugonga kitako cha bunduki unapoweka shavu, kinainuka upande wa chini, na mwanya unafunguka wakati uleule unaofyatua. Jaribu dukani: vaa, weka shavu kana kwamba unalenga, usikilize kama kelele ya nje inaongezeka. Ikiongezeka, hicho si chako.

Joto la Mombasa linakula mito. Jasho na mafuta ya ngozi hukausha ule mpira laini mpaka ukakakamaa na kupata nyufa ndogo pembeni mwa mshono, ambapo jicho haliangalii. Ukunje mto kwa kidole utaziona. Mito ibadilishwe angalau mara mbili kwa mwaka. Huku ukilenga kila wiki, mimi nasema mapema zaidi. Baada ya mazoezi ifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, si spiriti, maana spiriti huzidi kuikausha. Mito ya jeli ni ghali lakini hukaa vizuri juu ya miwani na haikazi sana kichwa, na kwa anayekaa uwanjani tangu asubuhi hadi adhuhuri naona inastahili bei yake.

Adui mwingine ni chumvi. Kifaa kinatumia betri mbili za AAA na hujizima chenyewe baada ya saa 4, jambo zuri, lakini usiziache ndani. Betri za alkalini zikivuja kwenye unyevu huu huacha unga mweupe kwenye vyuma vya kugusia. Ukiukuta, toa betri, chukua pamba ya kijiti, ichovye tone la siki au ndimu, usugue unga mpaka uishe, halafu futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Tone, si kumwagia, kwa sababu nyuma ya vyuma hivyo kuna saketi. Betri za kuchaji za NiMH huvuja kwa nadra, nami ndizo ninazopendelea.

Wakati wa kusi, uwanja ulio karibu na bahari una upepo wa kutosha kufanya maikrofoni zivume mfululizo. Hakikisha vifuniko vya sponji vya maikrofoni vipo, maana hubanduka kirahisi mfukoni. Vikipotea, kipande cha sponji laini kilichokatwa kwa ukubwa huo kinafanya kazi. Ukipunguza sauti robo, mvumo unapungua na maneno bado yanasikika.

Mwisho wa siku usivining'inize msumarini vikiwa vimetanuliwa, upinde utalegea na mkazo utapungua. Usiviache kwenye dashibodi juani. Viweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vipakiti viwili vya silika, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya, na jozi moja ya mito ya akiba.