Gari dogo la kununua: kabla hujapenda sura, litazame macho

Gari langu la kwanza nililipenda kwa sura, na sura ndiyo iliyoniponza. Lilikuwa mstari wa mbele kwenye yadi moja hapa Dar, rangi ya fedha, taa za mbele zinametameta kama bilauri iliyotoka kuoshwa. Chapa yake siitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda. Nililizunguka mara mbili, nikakaa ndani, nikalipa. Ilikuwa Januari. Masika yalipokatika, taa zilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa.

Mwezi wa sita nikasafiri kwenda Tanga. Nilichelewa kutoka, giza likanikuta nimeshapita Mkata. Mnajua lori likiharibika barabara ile inakuwaje: utingo anakata matawi, anayapanga lamini nyuma ya gari ili wanaokuja wajue. Mwenye taa nzima huyaona kwa mbali, anapunguza mwendo. Mimi niliyasikia. Yalipoanza kukwaruza chini ya bampa ndipo nikajua mbele yangu kuna lori, limezimika lote, na nilisimama tela limejaa kioo changu kizima. Mdogo wangu aliyekaa kushoto hakutamka neno mpaka Segera.

Kwa hiyo wasomaji wanaponiuliza, "Dada, Yaris hii mpya umeionaje?" au "Demio na Fit, ipi kali?", huwa nawajibu kwa kuanzia kwenye taa. Ulaji wa mafuta, spea, kuuzika tena: hayo muulize jirani yeyote, atakueleza vizuri. Taa hakuna anayezitaja.

Magari ya zamani yalikuwa na taa za glasi. Za leo ni polikaboneti, plastiki ngumu na nyepesi inayokubali umbo lolote, na ndiyo iliyowaruhusu wachoraji kuivuta taa kutoka kwenye bampa mpaka katikati ya boneti. Shida ni kwamba polikaboneti haipatani na jua. Kiwandani huipaka ngozi nyembamba ya kuikinga na mionzi. Ngozi hiyo ikichakaa, plastiki inageuka njano, inaota ukungu, na mwanga unatawanyika ovyo. Unamchoma macho anayekuja, barabara yenyewe huioni. Na jua letu si la Japani. Huku linasimama utosini. Taa iliyosimama wima linaipitia kwa pembeni tu, lakini iliyolala juu ya boneti inapigwa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kila siku, mwaka mzima. Umbo lile lile linalokufanya useme "hili gari lina macho!" ndilo linaloyapofusha.

Nikipanga kwa kigezo hicho, ya kwanza ni Mazda Demio ya kuanzia 2014. Sifichi, Mazda naipenda, na hii naipenda kuliko gari dogo lolote lililoshuka bandarini miaka hii kumi. Ilitoka Japani Septemba 2014, ikachukua tuzo ya gari la mwaka nchini humo kwa msimu wa 2014 na 2015, na 2019 jina likabadilishwa kuwa Mazda2. Simama mbele yake jioni. Taa ni nyembamba, zimekaa chini ya ukingo wa boneti kama macho chini ya nyusi, na ule mstari wa kromu unaozunguka chini ya shoo, yaani wavu wa mbele, unachoma kuingia ndani ya taa. Sehemu inayotazama juu ni ndogo. Ubavuni mikunjo ya bati inabadilika kila ukipiga hatua, na ile rangi yao nyekundu iliyokolea sijaiona kwenye gari jingine la bei hii. Buti ni dogo, kioo cha nyuma ni chembamba, nakubali. Chukua ya petroli. Ya dizeli ina chujio la masizi linalotaka safari ndefu ili masizi yaungue, nayo foleni ya Mwenge haiwezi kulipatia safari hiyo.

Ya pili ni Suzuki Ignis ya 2016. Wengi hawaipendi siku ya kwanza: imekaa kama kisanduku, na ile michirizi mitatu kwenye nguzo ya nyuma inawachanganya. Ipe wiki moja. Uso wake umesimama wima, taa zimefungwa ndani ya fremu moja na shoo, na imeinuka vya kutosha kupita barabara zetu za mitaani bila kuburuza bampa.

Honda Fit ya 2020 naiweka ya tatu. Honda waliacha ule uso wa hasira, wakaipa macho makubwa ya upole, na nguzo za kioo cha mbele wakazifanya nyembamba mpaka unamwona vizuri mtoto anayevuka kona. Ila usiichanganye na Fit ya 2007 hadi 2013, ambayo taa zake zimepanda boneti kama zinakikimbilia kioo cha mbele. Hizo nimeziona nyingi mno zikiwa njano.

Toyota Yaris, iliyochukua nafasi ya jina la Vitz kule Japani mwaka 2020, ni nzuri kwa macho, siwezi kubisha: mdomo mpana, mabega yamejaa, inaonekana inakimbia hata ikiwa imeegeshwa. Lakini taa zimevutwa nyuma mpaka juu ya magurudumu, kama zilivyokuwa za Vitz ya 2010. Inaokolewa na jambo moja, kwamba taa za Toyota zinapatikana kirahisi kwa wauza spea wa Ilala. IST ya 2007 iko kundi hilo hilo, taa pana zilizolala.

Toyota Passo na Nissan March ni za bei nafuu. Kati ya hizo ningeitazama Passo Moda ya 2016 tu, yenye taa za duara.

Sasa turudi yadi, maana hapa ndipo moyo unaponiuma. Gari likifika na taa zilizofubaa, muuzaji anamwita kijana, kijana anapiga msasa na polishi nusu saa, taa zinang'aa. Alichoondoa kijana ni kile kilichokuwa kimebaki cha ngozi ya kinga. Asipopaka vanishi mpya ya kuzuia jua, plastiki iko uchi, na miezi mitatu minne baadaye inarudi njano zaidi ya mwanzo. Dawa ya meno ndiyo kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini. Mimi niliuziwa gari kwa bei ya "taa safi kabisa", halafu nikatafuta taa za mtumba: laki tatu na nusu upande mmoja, na nilipomwambia muuza spea nataka zote mbili ili zifanane, bei ikapanda badala ya kushuka. Na ukilalamika unaambiwa, "Dada, ulilikagua mwenyewe."

Basi kalikague hivi. Washa tochi ya simu, ishike pembeni ya taa, usiielekeze moja kwa moja. Ikiwa imepigwa msasa utaona mikwaruzo midogo ya mviringo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa stili waya. Kisha omba wafungue boneti, utazame ukingo wa juu wa taa, ule unaojificha boneti ikifungwa. Mkono wa kijana mwenye polishi hausugui huko vizuri, kwa hiyo mara nyingi unabaki mstari mwembamba wa rangi halisi. Usome jina la kiwanda kwenye lenzi za pande zote mbili, Koito, Stanley au Ichikoh kwa magari mengi ya Japani. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine, uliza gari liligonga nini. Ukiona matone ya maji ndani ya taa, hilo polishi haiwezi kulitibu.

Kama unaagiza moja kwa moja Japani, omba picha ya taa iliyopigwa kutokea juu, mchana, karibu, kabla ya kutuma hata senti. Na yadi, muuzaji akisema boneti haifunguki leo kwa sababu fundi hayupo, chukua mkoba wako.