Mkondo wa kawaida au mtiririko wa elektroni: ufuate upi?

Mkondo wa kawaida hutoka chanya ya betri, hupita kwenye saketi na kurudi hasi. Elektroni, zenye chaji hasi, huenda kinyume chake. Benjamin Franklin alichagua alama hizo karne ya 18. Elektroni ilikuja kutambuliwa mwaka 1897, michoro ikiwa imeshazoeleka.

Chukua betri ya volti 9, rezista ya omu 470 na LED nyekundu (dayodi inayotoa mwanga) inayotumia takriban volti 2. Mkondo ni (9 − 2) ÷ 470, yaani kama miliampia 15, ufuate mwelekeo wowote. Kinachobadilika ni usomaji wa mchoro. Mshale wa dayodi (kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja), na ule wa emita, mojawapo ya miguu ya transista, huonyesha mkondo wa kawaida. Anayewazia elektroni lazima aende kinyume cha mshale, na hapo ni rahisi kugeuza LED isiwake. Mguu mrefu uelekee chanya.

Elektroni husaidia zaidi kueleza vali za utupu: katodi (ncha hasi) yenye joto huzitoa, anodi (ncha chanya) huzipokea. Kwa hesabu, baki na mkondo wa kawaida. Ukichanganya yote mawili, alama za volti hugeuka. (Ndani ya maji ya betri, ayoni, yaani chembe zenye chaji, husafiri pande zote mbili!)